Sikiliza Kabla, Sikiliza Baada: Hotuba kuhusu Rekodi za Zamani za Mazoezi ya Okestra

(Hotuba hii ilitolewa Dar es Salaam mbele ya walimu wa kwaya, wapiga vyombo na mafundi sauti. Tunaiweka hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakufika. Vipande vya rekodi vilivyosikilizwa ukumbini havimo.)

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wa kwaya, wapiga vyombo, mafundi mitambo, na ninyi vijana mliojibana kule nyuma chini ya feni, habari za jioni.

Jioni hii tutasikiliza muziki unaokatizwa. Okestra inaanza, inakwenda sekunde ishirini, mtu anagonga kinara cha nota kwa kifimbo chake, muziki unakufa. Anasema maneno mawili. Wanarudia. Anagonga tena. Wanarudia tena. Kwa nini mtu mwenye akili timamu atumie saa nzima kusikiliza kitu cha namna hii, wakati simfoni yenyewe ipo, imepigwa safi toka mwanzo hadi mwisho?

Kwa sababu konsati inatuonyesha matokeo na kutuficha sababu. Ukisikia sauti ya nne ya kwaya fulani imeingia kwa pamoja, watu ishirini kwa pumzi moja, utapiga makofi. Lakini hutajua mwalimu wao alifanya nini Jumatano iliyopita mpaka wakaingia hivyo. Rekodi ya mazoezi inakupeleka kwenye Jumatano hiyo.

Nina jambo moja tu la kusema leo, na nitalirudia mpaka mnichoke. Katika rekodi ya mazoezi, maneno ya mwongozaji ndiyo yenye faida ndogo kuliko vyote. Faida iko kwenye sekunde kumi kabla hajasimamisha, na sekunde kumi baada ya kurudia. Sikiliza kabla. Sikiliza baada.

Ila kwanza tujue tunachosikia ni nini. Rekodi za mazoezi za miaka ya mwanzo ya gramafoni ni nadra sana, na sababu ni ya kifundi. Santuri ya inchi 12 ya mizunguko 78 ilibeba dakika nne hivi kwa upande mmoja. Nani angepoteza nta kurekodi mtu akikohoa na kufunua kurasa? Mazoezi yalianza kuhifadhika pale ilipopatikana mitambo ya kurekodi kwa muda mrefu. Ujerumani walipata mashine ya utepe wa sumaku, Magnetophon ya AEG, iliyoonyeshwa Berlin mwaka 1935. Marekani, redio zilitumia santuri kubwa za inchi 16 zilizopakwa laka juu ya bamba la alumini, zikizunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, robo saa hivi kwa kila upande. Ukiwa na mashine mbili, moja inaanza kabla nyingine haijaisha, unarekodi asubuhi nzima. Ndiyo maana tuna saa nyingi za Arturo Toscanini, mwongozaji Mwitaliano, akiwa kazini na okestra ya redio ya NBC, iliyoundwa kwa ajili yake mwaka 1937 na aliyoiongoza hadi 1954.

Jiulizeni: maikrofoni ilikuwa wapi? Mwongozaji anawatazama wapigaji, sisi wasikilizaji anatupa mgongo. Maikrofoni iliyoning'inizwa juu ya okestra itamsikia mwongozaji kwa mbele, kila neno. Iliyowekwa katikati ya ukumbi itasikia mgongo wake, na maneno yatakuwa manung'uniko. Sasa mtego ni huu: pale unapomsikia vizuri kabisa, maana yake maikrofoni iko karibu naye, karibu pia na fidla za kwanza na selo, na mbali na tarumbeta. Kwa hiyo rekodi inayokufurahisha kwa maneno yake ndiyo inayokudanganya kuhusu uwiano wa vyombo. Usiseme "mbona tarumbeta ni dhaifu". Pengine yeye pale alipo zinampasua masikio.

Na jambo jingine: kinachouzwa ni makato. Saa nyingi zimefupishwa kuwa dakika arobaini. Mkato unausikiaje? Usisikilize muziki, sikiliza hewa ya ukumbi nyuma ya muziki. Kila chumba kina mvumo wake. Mvumo ukibadilika ghafla, au mwangwi wa nota ya mwisho ukikatika kabla haujaisha, hapo mkasi umepita. Ukishajua mkasi ulipo, huwezi tena kusema "alisema mara moja tu wakapatia". Pengine alisema mara sita, tano zikabaki sakafuni.

Na kuna yale yaliyorekodiwa kwa makusudi ya kuonyeshwa. Mwaka 1965 Herbert von Karajan, mwongozaji wa Austria, alipigwa filamu akifanya mazoezi ya Simfoni ya nne ya Schumann na okestra ya Vienna Symphony, na mwongozaji wa filamu alikuwa Henri-Georges Clouzot, mtu wa sinema kubwa za Ufaransa. Taa zinawaka, kamera ziko kila upande, na kila mpigaji ndani ya chumba anajua. Mnadhani mtu anakaripiwa vilevile mbele ya kamera? Filamu ile ina mengi ya kufundisha, lakini itazameni mkijua hivyo.

Tuje kwenye kiini. Mwongozaji Bruno Walter, mzaliwa wa Ujerumani, New York, mwaka 1955, umri wake miaka 78. Kazi ni Simfoni namba 36 ya Mozart, ile ya Linz. Mozart aliitunga katika mji huo wa Austria mwaka 1783, ndani ya siku chache, kwa sababu konsati ilishapangwa tarehe 4 Novemba na hakuwa na simfoni hata moja mkononi. Kampuni ya santuri ya Columbia iliacha mitambo ikizunguka wakati Walter anafanya mazoezi, kisha ikatoa santuri zenye mazoezi hayo pamoja na simfoni kamili.

Simfoni inafunguka polepole, vipimo 19 kabla ya mwendo wa haraka kuanza. Okestra nzima inapiga mtindo wa nota ndefu na fupi, ndefu na fupi. Panaonekana rahisi kwenye karatasi, na panateleza kama barabara ya Jangwani baada ya mvua. Nota fupi inawahi. Au nota ndefu inaachiwa mapema na katikati panabaki tundu. Walter anasimamisha. Anaimba yeye mwenyewe, sauti ya mzee, Kiingereza chenye lafudhi ya Kijerumani. Na ombi linalorudi katika rekodi nzima ni kwamba vyombo viimbe.

Sasa mwalimu mwenye haraka ataandika kwenye daftari lake: "Walter anasema imbeni." Amepata nini? Hajapata kitu! Nani kati yetu hajawahi kuwaambia watu waimbe? Rudisha nyuma sekunde kumi. Kabla hajasema, fidla zilikuwa zinamalizaje kifungu? Upinde uliondoka kwenye nyuzi mapema? Nota ya mwisho ilikuwa nzito kuliko iliyotangulia? Halafu sogea mbele. Baada ya kusema, kifungu sasa kinaelekea nota ipi? Mwisho wake umepungua, au bado unagongwa? Ukijibu maswali hayo, utajua "imbeni" ya Walter ilikuwa na maana gani pale, kwenye kipimo kile, kwa vyombo vile. Kwenye sehemu ya pili ya simfoni neno hilohilo litakuwa na kazi nyingine. Sikiliza kabla. Sikiliza baada.

Tunafanyaje kwa vitendo? Chukua karatasi, ichore safu tano. Ya kwanza ni saa ya rekodi, dakika na sekunde. Ya pili ni mahali kwenye nota. Nota za simfoni hii zinapatikana bure mtandaoni, haki zake zilishakwisha zamani. Ya tatu ni hali ya kabla. Ya nne ni alichosema, kwa maneno yasiyozidi matatu. Ya tano ni hali ya baada. Safu ya nne jazeni mwisho, nawasihi sana. Ukiijaza mapema, sikio litaanza kusikia kile ulichoandika, na utaona mabadiliko ambayo hayapo. Sikilizeni kwanza mfululizo bila kugusa kitu, mara ya pili mkisimamisha kila anaposimamisha, mara ya tatu nota zikiwa mbele yenu. Dakika kumi za rekodi zitakula saa nzima, na mkitaka kufanya nusu saa ya rekodi kwa jioni moja mtaanza kubahatisha.

Na mtakutana na jambo la kushangaza: mara nyingi hakuna kilichobadilika. Mtu mashuhuri anaongea dakika mbili, maneno matamu, wanarudia, na ni kilekile. Au kimekuwa bora, lakini kwa sababu tu wamepiga mara ya pili. Utatofautishaje? Kurudia peke yake kunaponya nota za makosa na kuingia pamoja, kwa sababu wapigaji wanajirekebisha wenyewe. Kurudia hakuponyi mwelekeo wa kifungu wala uwiano wa sauti, kwa sababu aliye ndani ya sauti ya pili hajui kwamba anaifunika sauti ya kwanza. Kwa hiyo kama kilichobadilika ni uwiano, maneno yalifanya kazi. Na kama yamebadilika mengi kuliko aliyoomba, basi kuna kitu mkono wake ulifanya ambacho utepe hauonyeshi.

Mtu ataniuliza: nyingi ya rekodi hizi ni za Kijerumani, nami Kijerumani sijui. Heri yako! Utalazimika kusikiliza muziki. Kuna jozi moja ya filamu ningependa kila mwalimu wa kwaya hapa aione, kwa sababu okestra ni moja na waongozaji ni wawili. Okestra ya redio ya Stuttgart. Mwaka 1960 inaongozwa na Ferenc Fricsay, Mhungaria, mgonjwa tayari, ambaye angefariki mwaka 1963 akiwa na miaka 48. Anafanya Vltava, muziki wa Smetana kuhusu mto. Mwaka 1970 okestra hiyohiyo iko mbele ya Carlos Kleiber, kijana bado, na tangulizi mbili za opera: Der Freischütz ya Weber na Die Fledermaus ya Johann Strauss.

Vltava inaanza na filimbi mbili zinazopokezana mbio za nota ndogondogo, chemchemi ya mto. Ugumu wake ni mshono. Filimbi ya kwanza inaacha, ya pili inapokea, na msikilizaji asijue. Msikilizeni Fricsay hapo. Inayopokea ikianza kwa mkazo, mshono unasikika. Inayoacha ikikata badala ya kufifia, mshono unasikika. Mnalijua tatizo hili? Ni lile la pumzi ya kupokezana, kwaya inaposhika nota ndefu na kila mtu anavuta hewa kwa zamu yake. Anayerudi kwa kishindo ndiye anayeharibu.

Kleiber naye anasimamisha kwa kitu ambacho wengi wetu tungekiacha kipite. Anaongea kwa picha na visa, haongei kwa namba. Nyuso za baadhi ya wapigaji zinasema wazi kwamba hawajashawishika. Kisha wanarudia. Hapo ndipo penye somo: sikilizeni kama kimebadilika, hata kwenye vyombo vya wale waliokunja uso. Kwa maoni yangu hii ndiyo rekodi bora ya mazoezi iliyopo, na sababu si uhodari wa Kleiber peke yake. Ni kwamba mnaiona okestra ikibishana naye kwa macho huku mikono ikitii.

Thomas Beecham, Mwingereza, ni kinyume chake. Rekodi za mazoezi yake na Royal Philharmonic, okestra aliyoianzisha mwaka 1946, zimejaa mizaha. Watu wanazisikiliza ili wacheke. Lakini hesabuni anasimamisha mara ngapi. Ni chache! Anapitisha kurasa nzima, anatania, anaendelea. Je, huu ni uvivu? Hapana. Beecham alikuwa na tabia ya kuweka alama kwenye nota za kila chombo kwa penseli kabla hajakutana na wapigaji: hapa pandisha, hapa shusha, hapa fidla za pili zipungue. Kazi ilifanyika mezani kwake. Mwalimu wa kwaya anayegawa nakala tupu, kisha akatumia nusu saa ya mazoezi kusema "andikeni hapo polepole, andikeni hapo kwa nguvu", ameileta kazi ya mezani ukumbini, na watu sitini wanamsubiri.

Sasa nalisogelea lile ambalo vijana wamelisubiri: ukali. Toscanini. Vipande vya sauti yake akifoka vimezunguka dunia nzima. Anapiga kelele, Kiitaliano na Kiingereza vimechanganyika, unasikia kabisa mtu amepandwa. Na wapo walimu wa kwaya, sitawataja, wanaovitumia kama hati ya kuwaruhusu kufoka.

Tumieni kipimo chetu kilekile. Kabla ya kufoka, kosa lilikuwa nini? Baada ya kufoka, limeondoka? Mara nyingi kinachosikika baada ni okestra inayopiga kwa woga: pamoja zaidi, ndiyo, na ngumu zaidi. Usafi umeongezeka na mstari wa wimbo umekauka. Halafu sikilizeni saa zile ambazo hakuna aliyezikata na kuzisambaza. Kwenye mazoezi ya La Traviata, opera ya Verdi, ya mwaka 1946, anaimba kila sauti yeye mwenyewe, kwa koo lililochakaa, akipita ukurasa baada ya ukurasa. Macho yake yalikuwa mabovu, kwa hiyo aliongoza kwa kukariri. Anaijua kila nota ya kila chombo. Okestra inamfuata kwa sababu koo lile linawaonyesha kifungu kinakwenda wapi. Mnataka kumuiga Toscanini? Anzeni na kukariri sauti zote nne, hasira mtaikuta njiani.

Nimalizie na mafundi, maana wao ndio wanaotuokoa au kutuangusha.

Umeme wetu ni volti 230, mizunguko 50 kwa sekunde. Mashine ya zamani ya kupigia santuri iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani inataka volti 110 na mizunguko 60. Mtu ananunua transifoma Kariakoo, anashusha volti, mashine inazunguka, anafurahi. Lakini transifoma haibadilishi mizunguko! Mota nyingi za zamani hufuata mizunguko ya umeme, kwa hiyo santuri ya 33 na theluthi itazunguka chini kidogo ya mara 28. Muziki unashuka zaidi ya nusu toni tatu, na Walter mwenye miaka 78 anasikika kama ana mia moja. Dawa ni kubadilisha puli ya mota, au kutumia mashine ya mota ya umeme wa moja kwa moja.

Kosa dogo ndilo la hatari zaidi, kwa sababu halijulikani upesi. Kila asilimia sita ya mwendo ni nusu toni. Simfoni ya Linz iko kwenye C. Ikikujia kati ya C na C kali, mwendo umekosewa kwa karibu asilimia tatu. Msilaumu okestra kwamba ilikaza juu. Tofauti kati ya okestra inayokaza nota ya A kwenye mitetemo 440 kwa sekunde na inayokaza kwenye 442 haifiki hata asilimia nusu. Njia ya kuhakikisha: fungueni faili kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, chagueni ukimya kati ya maneno, mchore spektra, yaani mchoro wa nguvu ya sauti kwa kila idadi ya mitetemo. Rekodi ya Marekani mara nyingi ina mvumo wa umeme kwenye mitetemo 60 na 120 kwa sekunde. Ya Ujerumani, 50 na 100. Mkiona 58 badala ya 60, mwendo umepungua kwa asilimia tatu na kidogo. Ila mvumo wa amplifaya yenu wenyewe wakati wa kuhamisha nao utaonekana, na huo utakaa kwenye 50 sawasawa. Msiuchanganye na ule wa zamani.

Sindano: santuri za mizunguko 78 zinahitaji ncha ya mikroni 76 hivi, santuri ndefu za kawaida mikroni 25. Ncha nyembamba kwenye mfereji mpana inaburuza chini kwenye vumbi na unapata kelele tupu. Kusafisha: spiriti haidhuru santuri ya vinaili, lakini ya 78 ya shelaki huyeyuka kabisa. Zile za laka usizisugue kwa chochote mpaka mtu anayezijua aziangalie. Laka ikikauka hubanduka kwenye alumini vipande vipande. Tepu zinazonuka siki zitengeni na nyingine siku hiyohiyo. Na kwa joto na unyevu wa mji huu, msiweke kitu ukutani upande wa bahari wala juu ya kabati.

Hamisheni kwa biti 24 na kilohezi 96, njia moja ya sauti. Ni kama gigabaiti moja kwa saa. Nakala ya kusikiliza kwenye simu ya kilobiti 128 itachukua megabaiti 58 hivi kwa saa, bando linamudu. Na jamani, acheni kusafisha kupita kiasi. Programu ya kuondoa mkwaruzo inapenda kuondoa pia mwisho wa nota na herufi s za msemaji, na katika rekodi ya mazoezi mwisho wa nota ndio tunaoutafuta.

Mkitaka kurekodi mazoezi yenu wenyewe, na mnapaswa, simu inatosha. Iwekeni nyuma ya mwalimu, mita mbili au tatu, juu ya stendi iliyozidi kimo cha kichwa, mbali na upepo wa feni. Zimeni kile kipengele kinachopandisha sauti ndogo na kushusha kubwa chenyewe, la sivyo kila mtakapoimba kwa sauti ndogo simu itawapandisha, na hamtajua kama mlishuka kweli. Msirekodi kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Unabana sauti mno. Anzeni faili kabla hamjapasha sauti na msilizime hadi mwisho, maana kitu cha kwanza mnachotaka kujua ni dakika ngapi mwalimu ameongea na dakika ngapi kwaya imeimba. Saa moja ya kwanza mkaipigie hesabu hiyo kabla ya mkutano ujao, mje na namba zenu.